Kusomea uhasibu wa AAT ukiwa mwanafunzi wa kigeni: mwongozo kamili

Wengi wanaouliza kuhusu AAT huanza na viza. Wanatafuta chuo London, wanakutana na wakala, wanaambiwa ada, kisha ndipo wanauliza cheti chenyewe ni cha nini. Mwongozo huu unakwenda kinyume na mpangilio huo, kwa sababu ukishaelewa cheti kilivyo, huenda ukagundua sehemu kubwa yake haihitaji viza hata kidogo.

AAT ni kifupi cha Association of Accounting Technicians, chama cha Uingereza kilichoundwa 1980. Vyeti vyake ni vya uhasibu wa vitendo: kuingiza ankara, kusuluhisha hesabu ya benki, kuandaa marejesho ya VAT, kufunga vitabu vya mwaka, na ukifika juu, kuandaa taarifa za fedha za kampuni. Si shahada, na hakuna anayekudai shahada ili uanze. Unahitaji Kiingereza cha kusoma swali na kulielewa mara ya kwanza, pamoja na hesabu za kawaida: asilimia, sehemu, uwiano. Basi.

Kwanza, tenganisha pande tatu

Karibu kila hasara inayowapata wanafunzi wa kigeni huanzia kwenye kuchanganya pande hizi.

Upande wa kwanza ni AAT yenyewe. Ndiyo inayotunga silabasi, kuweka mitihani na kutoa cheti, na vyeti vyake vimo kwenye rejista ya Ofqual, mdhibiti wa mitihani wa Uingereza. Upande wa pili ni chuo kinachokufundisha. Chuo hakitoi cheti cha AAT. Kinakuandaa tu, na lazima kiwe kimeidhinishwa na AAT. Upande wa tatu ni serikali ya Uingereza, ambayo haijali kama unaijua debiti na krediti, inajali kama una haki ya kuingia nchini.

Sasa hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Chuo kinaweza kuwa kimeidhinishwa na AAT kwa haki kabisa, lakini kisiwe na leseni ya kudhamini mwanafunzi wa kigeni. Wakala anakuonyesha uthibitisho wa AAT, ambao ni wa kweli, nawe unadhani suala la viza limekwisha. Halijaanza. Orodha ya vyuo vyenye leseni ya udhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Tafuta jina la chuo humo mwenyewe, herufi kwa herufi. Kama halimo, chuo hicho hakiwezi kukuletea viza ya mwanafunzi, hata wakala aape kwa mbingu na nchi.

Malipo nayo yamegawanyika hivyohivyo. Kuna ada ya kujisajili AAT, ada ya kufundishwa, ada ya kila mtihani, vitabu, na ada ya kurudia ukifeli. Vyuo vingine huviunganisha vyote kwenye bei moja. Vingine hutangaza ada ya kufundishwa peke yake ili bei ionekane ndogo. Uliza kwa maandishi: bei hii ina nini na haina nini? Jibu la kwenye simu halina kazi siku ya mgogoro.

Ngazi tatu, na unapopaswa kuanzia

Silabasi inayoitwa Q2022 ina ngazi tatu. Ngazi ya 2 ni cheti cha mwanzo, chenye mitihani minne: utangulizi wa uwekaji hesabu, udhibiti wa vitabu, misingi ya gharama, na mtihani wa jumla kuhusu mazingira ya biashara. Ngazi ya 3 ni diploma, nayo ina minne: kuandaa taarifa za fedha za wafanyabiashara binafsi na ubia, mbinu za uhasibu wa menejimenti, taratibu za kodi za biashara, na uelewa wa biashara. Ngazi ya 4 ni diploma ya juu. Ina masomo matatu ya lazima na mawili ya kuchagua kati ya matano.

Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Isome tena hiyo. Ukitoka kwenye mfumo ambao 40 au 50 inakuvusha, 70 inabadilisha namna nzima ya kusoma, kwa sababu huwezi kuacha mada mbili ukitumaini hazitatoka. Kuanzia 80 ni daraja la pili, 90 kwenda juu ni daraja la kwanza.

Kama una diploma au shahada ya biashara, utashawishika kurukia ngazi ya 3 au 4. Kuna wanaoruka na wakafaulu. Ushauri wangu ni kwamba uchukue maswali ya mfano ya ngazi ya 2, ufanye mtihani mzima wa udhibiti wa vitabu kwa saa, bila kufungua kitabu. Ukipata zaidi ya 80, ruka. Ukipata 65, hiyo ni alama ya mtu anayezijua nadharia lakini mkono haujazoea. Anzia chini, hutajuta.

Je, unahitaji kusafiri?

Hili ndilo swali lenye pesa nyingi ndani yake, kwa hiyo tulikalie.

Ngazi ya 2 haikupi viza ya mwanafunzi. Sheria inataka kozi isiyo chini ya ngazi ya 3 katika mfumo wa vyeti wa Uingereza. Anayekuahidi viza ya masomo kwa ajili ya ngazi ya 2 ya AAT ama hajui, ama anajua fika.

Ngazi ya 3 na ya 4 zinaweza kudhaminiwa, lakini kwa masharti. Kozi iwe na angalau saa 15 za darasa kwa wiki, mchana, siku za kazi. Sharti hilo linaondoa kozi nyingi za AAT, maana nyingi hufundishwa jioni, mwishoni mwa wiki au kwa mtandao, kwa ajili ya watu walio kazini. Mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayesoma kozi ya chini ya shahada kwa kawaida haruhusiwi kukaa zaidi ya miaka 2 kwa masomo hayo. Na ukimaliza, hakuna ile viza ya wahitimu ambayo wenye shahada huipata, AAT haimo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ngazi ya 2 isome ukiwa kwenu, kwa mtandao. Ngazi ya 3 vilevile, isipokuwa kama una sababu nyingine nzito ya kuwa Uingereza. Pesa ambayo ingeliwa na chumba na nauli inatosha kulipia masomo yote na kubaki. Mitihani hufanywa kwenye kompyuta na cheti ni kilekile. Hakiandiki ulisomea wapi.

Ukisomea nyumbani

Kabla hujalipa hata senti, maliza jambo moja: mtihani utaufanyia wapi? AAT ina vituo vilivyoidhinishwa, na ipo pia njia ya kusimamiwa kwa kamera ukiwa nyumbani, lakini si kila mtihani wala kila mazingira yanakubalika. Kiandikie chuo: niko nchi fulani, nataka kufanya mtihani fulani, nitaufanyia wapi, kwa ada gani? Chuo kikisema "tutaangalia baadaye", tafuta kingine. Kuna watu waliomaliza silabasi nzima kisha wakakosa mahali pa kukaa mtihani.

Njia ya kamera ina matakwa yake: intaneti isiyokatika, chumba usichoingiliwa, meza tupu, kitambulisho chenye jina linalofanana herufi kwa herufi na ulilosajili. Kama pasipoti ina majina matatu, sajili matatu. Umeme wa kwenu ukiwa wa mashaka, kituo ni bora kuliko kamera.

Ukiamua kwenda Uingereza

Mambo yafuate mpangilio huu, maana kila moja hutegemea lililotangulia.

Pata nafasi kwenye chuo chenye leseni, kisha chuo kikupe CAS, ile namba ya uthibitisho wa udhamini. Ukiwa nje ya Uingereza, unaweza kuomba viza mapema kama miezi 6 kabla ya kozi kuanza, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki 3.

Kiingereza: kwa kozi ya chini ya shahada unatakiwa kufikia kiwango cha B1 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, kwa mtihani ulioidhinishwa na serikali. Ukichagua IELTS, iwe ile ya UKVI, yaani inayokubaliwa na idara ya viza ya Uingereza. Ya kawaida inafanana nayo kila kitu isipokuwa kukubalika.

Pesa: mbali na ada ya chuo, kuanzia Novemba 2025 unatakiwa kuonyesha pauni 1,529 kwa mwezi kama kozi iko London, au pauni 1,171 nje ya London, kwa muda usiozidi miezi 9. Kwa kozi ya miezi 9 nje ya London hiyo ni pauni 10,539. London ni 13,761. Pesa hizo ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya 28 isiwe zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Hapa maombi mengi huanguka kwa sababu ya kuchukiza: mtu anatoa kiasi kidogo siku ya 20 kulipia tiketi, salio linashuka chini ya kiwango, na hesabu inaanza upya. Weka ziada, usiiguse.

Ada ya maombi ya viza ilipanda Aprili 2025 hadi pauni 524, na tozo ya huduma za afya kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Angalia GOV.UK siku ya kuomba, kwa sababu ada hizi hupandishwa mara kwa mara. Wanaoishi katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, wanahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa kama watakaa zaidi ya miezi 6. Hospitali yoyote haitoshi.

Kuhusu familia, jibu ni fupi: kozi ya AAT haikuruhusu kuja na mwenza wala watoto kama wategemezi.

Kazi: mtego wa mhasibu

Kama chuo chako ni taasisi ya elimu ya juu inayotambuliwa na yenye rekodi nzuri ya udhamini, kozi ya chini ya shahada inakuruhusu kufanya kazi saa 10 kwa wiki wakati wa muhula. Si 20, hizo ni za wanafunzi wa shahada. Kama chuo hakina hadhi hiyo, huruhusiwi kuajiriwa. Usipange bajeti yako juu ya mshahara wa kule.

Mtego wenyewe ni huu. Mwanafunzi wa uhasibu akishajulikana mtaani, wenye biashara ndogo humfuata: "Nisaidie vitabu vyangu, nitakupa kitu kidogo kila mwezi." Hiyo ni kazi ya kujiajiri, na viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri, hata kwa saa moja. Tena, Uingereza kila anayetoa huduma ya vitabu vya hesabu kwa wateja lazima awe chini ya usimamizi wa kuzuia utakatishaji wa fedha, ama kupitia mamlaka ya kodi, HMRC, ama kupitia chama cha taaluma. Hivyo kwa "kitu kidogo" umevunja sheria mbili kwa mpigo. Kataa kwa upole, na ueleze sababu. Mtu mwema ataelewa.

Jinsi ya kusoma ili ufike 70

Sasa masomo yenyewe. Kila kitu ndani ya AAT kimesimama juu ya uingizaji wa pande mbili, yaani kila muamala huandikwa debiti upande mmoja na krediti upande wa pili, na wengi hudhani wanaujua mpaka VAT inapoingia.

Chukua mfano huu. Biashara iliyosajiliwa VAT imeuza bidhaa kwa mkopo, ankara ni pauni 1,200 pamoja na VAT ya asilimia 20. VAT iliyomo si asilimia 20 ya 1,200. Hiyo ingekuwa 240, na ni kosa la kila mtahiniwa anayeanza. Pauni 1,200 ni asilimia 120, kwa hiyo gawanya kwa 6: VAT ni 200, mauzo ni 1,000. Unadebiti wadaiwa 1,200, unakrediti mauzo 1,000, unakrediti VAT 200. Mteja anadaiwa yote, lakini 200 si mapato ya biashara, ni pesa ya serikali iliyoshikiliwa kwa muda. Ukinunua kwa masharti yaleyale, unadebiti manunuzi 1,000 na VAT 200, unakrediti wadai 1,200. Sasa badilisha jambo moja: biashara haijasajiliwa VAT. Manunuzi yanakuwa 1,200 nzima, maana hakuna pa kuidai ile 200. Swali la mtihani litaficha taarifa hiyo kwenye mstari mmoja wa maelezo. Soma maelezo kabla ya namba.

Somo la udhibiti wa vitabu ndilo linalowaangusha wengi ngazi ya 2. Urari, yaani orodha ya salio zote za debiti na krediti, ukikataa kulingana, usianze kukagua kila mstari. Tuseme debiti zina 48,730 na krediti 48,460. Tofauti ni 270. Kwanza, tafuta muamala wa 270 ulioingizwa upande mmoja tu. Pili, gawanya kwa mbili: 135. Je, kuna krediti ya 135 iliyoingizwa debiti? Tatu, gawanya kwa tisa: 30, inagawanyika kamili, kwa hiyo huenda tarakimu zimebadilishana nafasi, mfano krediti ya 630 imeandikwa 360. Maswali matatu hayo yanakamata makosa mengi. Lakini yapo makosa ambayo urari hauyaoni kabisa: muamala uliosahauliwa pande zote mbili, au ulioingizwa kwenye akaunti ya mteja asiyehusika. Watahini wanayapenda hayo.

Fanya mazoezi kwenye kompyuta, si kwenye karatasi peke yake. Mtihani una visanduku vya kujaza na orodha za kuchagua, na anayezoea karatasi hupoteza dakika nyingi akitafuta pa kuandika. Mtihani wa mfano wa kwanza fanya bila saa. Unaofuata weka saa. Kila kosa liandike kwenye daftari pamoja na sababu: sikujua, sikusoma vizuri, au nilikosea kikokotoo? Ukigundua mengi ni ya kutosoma vizuri, kuongeza saa za kusoma kitabu hakutakusaidia; punguza mwendo kwenye swali.

Kwa mwenye kazi na saa 10 hivi za kusoma kwa wiki, naona miezi 6 hadi 12 kwa ngazi ni mwendo mzuri. Mitihani ichukue mmojammoja, somo likiwa bado la moto. Ukianza somo jipya kabla ya kulifanyia mtihani la zamani, yote mawili yatapoa.

Kodi ni kilima cha pekee kwa mgeni. Mwanafunzi aliyekulia Uingereza amekwisha kusikia kuwa mwaka wa kodi wa mtu binafsi huanza tarehe 6 Aprili, au kwamba biashara hulazimika kujisajili VAT mauzo yakivuka pauni 90,000. Wewe unaanza bila kitu. Na namba hizo hubadilika: kiwango hicho cha VAT kilikuwa 85,000 hadi Machi 2024. Hakikisha kitabu chako ni cha sheria ya fedha inayotahiniwa mwaka wako. Kitabu cha mtumba cha uwekaji hesabu ni bei nafuu yenye maana. Kitabu cha mtumba cha kodi ni hasara.

Kuchagua masomo ya ngazi ya 4

Masomo matano ya hiari ni kodi za biashara, kodi za mtu binafsi, ukaguzi wa hesabu, usimamizi wa fedha taslimu, na usimamizi wa mikopo na madeni. Kama unakusudia kufanya kazi nje ya Uingereza, achana na kodi zote mbili. Ni masomo mazuri, lakini ni ya sheria ya nchi moja, na ukivuka mpaka yanabaki mapambo. Ukaguzi na fedha taslimu husafiri. Somo la lazima la taarifa za fedha za kampuni nalo linasafiri, kwa kuwa linafuata viwango vya kimataifa vya IFRS. Mimi ningechukua ukaguzi na fedha taslimu bila kusita. Kinyume chake, kama una haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza, masomo ya kodi ndiyo ambayo ofisi ndogo za uhasibu huyatafuta kwa mtu.

Masomo yenye majibu ya kuandika kwa maneno husahihishwa na watu, kwa hiyo matokeo huchelewa kwa wiki kadhaa. Usipange kuomba kazi au usajili mwingine kwa tarehe inayogongana na hapo.

Baada ya cheti

Ngazi ya 4 hufungua njia mbili. Moja ni uanachama kamili wa AAT, unaokupa haki ya kuandika MAAT baada ya jina lako, lakini huo unataka pia uzoefu wa kazi uliothibitishwa. Nyingine ni ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu chenye mitihani yake, ambako ngazi ya 4 ya AAT inakusamehe mitihani mitatu ya mwanzo. Msamaha huo si wa bure. ACCA hutoza ada kwa kila mtihani uliosamehewa, iweke kwenye bajeti.

Ukirudi Afrika Mashariki, AAT peke yake haikufanyi mhasibu aliyesajiliwa. Kila nchi ina chombo chake cha kusajili wahasibu: Tanzania ni NBAA, Kenya ni ICPAK, Uganda ni ICPAU. Waandikie kabla hujaanza ngazi ya 3, uwaulize watakitambua vipi cheti hiki na watakusamehe nini. Jibu lao linaweza kukuelekeza moja kwa moja ACCA, au kwenye mitihani ya bodi ya nyumbani, ukaokoa miaka miwili.

Na tangu siku ya kwanza ya kazi yoyote ya hesabu, iwe ya kuingiza ankara tu, anza faili: tarehe, kazi uliyofanya, jina na cheo cha msimamizi, na sahihi yake kila baada ya miezi michache. Wasimamizi huhama na kampuni hufungwa, na uthibitisho wa uzoefu ukiutafuta miaka mitatu baadaye ni kazi ngumu kuliko mtihani wenyewe.